Mgonjwa wa Jioni

Kichwa cha bibi harusi kilikuwa kimesukwa nusu pale mikono ya Mama Pipi ilipogoma. Haikuuma. Ilishuka tu, ikaning'inia ubavuni kana kwamba si yake. Alijaribu kuipandisha. Wa kulia ulifika begani kwa mteja, ukatetemeka, ukarudi chini.

"Umemaliza?" aliuliza bibi harusi bila kuinua macho kwenye simu.

"Bado. Napumzika kidogo."

"Unapumzika tena? Dada, si umepumzika sasa hivi?"

Msusi wa kiti cha pili akachekea puani. Madamu, mwenye saluni, alikuwa kaunta akipanga makopo ya mafuta ya nywele, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha Mama Pipi. Siku hizi yalikuwa huko muda wote. Kila mtu pale alijua kwamba anayetaka kusukwa na Mama Pipi aje asubuhi. Asubuhi mistari yake ilinyooka na misuko ikakaza mpaka mteja akaomba huruma. Baada ya mchana mambo yalikuwa mengine. Misuko ililegea, mistari ikapinda, na jua likianza kuinama Mama Pipi alilazimika kufumba jicho moja ili kichwa kilichokuwa mbele yake kisiwe viwili.

Bibi harusi aliweka simu chini akajitazama kwenye kioo. Kushoto alikuwa amependeza. Kulia nywele zilikuwa zimesimama kama za mtu aliyeamshwa na moto.

"Harusi yangu ni kesho," alisema, sauti ikipanda. "Kesho! Niende hivi?"

Mama Pipi alitaka kumwomba radhi. Maneno yalipita puani, mazito, yameshikana, na hata yeye alipoyasikia aliona aibu.

"Huyu amelewa!" Bibi harusi aligeuka na kiti chake. "Madamu, mnanikalisha kwa mlevi?"

Madamu alikuja haraka, akamwita msusi wa pili amalizie kichwa, akamwambia mteja hatalipa kitu, akamletea na soda. Kisha akamvuta Mama Pipi mpaka kwenye sinki la kuoshea nywele, akafungua bomba ili maji yafunike maneno.

"Mimi sikufukuzi, Mama Pipi."

"Najua, Madamu."

"Ila kiti ni kimoja, na wanaokitaka wapo hapo mlangoni. Nenda hospitali wakwambie una nini. Kama unaumwa tujue unaumwa. Kama huumwi, niambie tu kazi imekuchosha, tuagane vizuri."

"Nimeshaenda mara tatu."

"Wakasemaje?"

Mama Pipi aliyatazama maji yakizunguka na kuingia kwenye tundu pamoja na vinywele vya watu. Walisema hana kitu.

*

Walikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ambako mume wake alichomelea mageti na grili za madirisha. Kimoja kilikuwa cha wenyewe, cha pili alilala binti yao Pipi pamoja na wifi. Wifi alikuwa ameiacha ndoa yake akaja kwa kaka yake kukaa wiki mbili, na sasa hata yeye alikuwa hazitaji tena zile wiki. Aliuza viatu vya mitumba kandokando ya barabara. Alikuwa na sauti ya kuuzia viatu, hata akiwa ndani.

"Haya, simameni! Mheshimiwa anaingia," wifi alisema, pale Mama Pipi alipoinama kupita mlangoni. "Mheshimiwa, kikao kimeahirishwa au umelala wakakuacha?"

Jina la Mheshimiwa alimpa wifi huyo, kwa sababu ya kope. Jioni kope za Mama Pipi zilishuka mpaka nusu ya jicho, na wifi alisema zinamkumbusha wabunge wanavyoonyeshwa kwenye televisheni. Pipi alicheka. Fundi, mume wake, hakucheka. Alikuwa akinawa kutu mikononi kwenye beseni, na alinawa muda mrefu kuliko kawaida, kama mtu anayepanga maneno.

"Madamu amenipigia," alisema mwishowe.

"Amesema nini?"

"Unajua alichosema." Alijifuta kwa kanga kuukuu. "Mama Pipi, nilikuwa nawaza. Ungeenda kwenu kidogo, ukapumzike."

Wanawake kadhaa wa mtaa ule walikuwa wamekwenda kwao kupumzika, na nguo zao ziliwafuata baadaye ndani ya mfuko wa plastiki.

"Umenichoka, baba Pipi?"

"Sijasema hivyo."

"Ila umenichoka."

"Na mimi nachoka!" Aliitupa ile kanga juu ya kiti. "Nashinda na moto usoni, nikirudi mtoto hajaoga, wewe umelala. Watu wananiuliza, fundi, mkeo siku hizi anakunywa nini? Niwajibu nini?"

"Wajibu naumwa."

"Daktari anasema huumwi."

Alikuwa na la kusema, lakini kwa saa ile ulimi wake ulikuwa umeshaanza kuwa mzito, na kama angeongea, sauti ingekuwa ndiyo ushahidi wa upande wa pili. Akachukua sahani yake akaenda jikoni.

Wifi ndiye aliyemfuata, baadaye kidogo, kutafuta chumvi. Alisimama mlangoni asiingie. Mama Pipi alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, ameupa mlango kisogo nusu, anakula. Alitafuna mara mbili tatu, kisha akaweka kiganja chini ya kidevu na kulisukuma taya juu kwa mkono. Juu, chini, juu, chini, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Kipande cha nyama kilimshinda. Akakitema kiganjani, akakitazama, akakirudisha mdomoni kujaribu tena.

Wifi alikuwa na maneno tayari, maana kila mara alikuwa nayo. Lakini jikoni hapakuwa na mtu wa kudanganywa. Palikuwa na masufuria tu.

"Wifi," aliita polepole. "Hilo taya limefanyaje?"

Mama Pipi alishtuka, akashusha mkono. "Linachoka."

"Taya linachoka?"

"Kila kitu kinachoka. Mikono, macho, shingo. Nikipumzika kinarudi. Nikianza tena kinakwisha."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi mimi mzima. Ndiyo maana hamniamini."

Wifi aliingia akachuchumaa mbele yake. Mtu angewaona angedhani anatafuta kitu usoni kwa mwenzake. "Hospitali huwa unaenda saa ngapi?"

"Asubuhi. Kliniki ni asubuhi tu."

"Unafika, unakaa benchi."

"Ndiyo."

"Kimya. Umekunja mikono. Mpaka uitwe."

"Sasa nifanye nini kingine?"

"Ukiitwa unaingia kwa daktari umepumzika kama mgeni wa heshima!" Wifi alipiga paja lake. "Mama yangu! Anakutibu nani, yule anakuona ukiwa umetoka kulala! Kesho nakupeleka mimi. Na hutapumzika hata kidogo. Kazi ya kumchosha mtu naijua vizuri, kamuulize mume wangu wa zamani."

*

Wifi aliamka amefumua nywele zake zote. Alikaa chini kwenye kizingiti, akampa Mama Pipi kitana, akasema anza. Asubuhi ile ilikuwa tulivu na mikono ya Mama Pipi ilikuwa mizima, na kwa muda mfupi alisuka kwa raha, mistari myembamba iliyonyooka kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Fundi alipita kati yao na bakuli lake la uji, akawatazama, akatikisa kichwa. Hakuelewa kwa nini mtu anakwenda hospitali na kichwa kilichosukwa nusu.

Hawakupanda gari. Walitembea, na wifi hakumruhusu kunyamaza. Alimtaka asome kwa sauti kila bango la duka walilopita. Alimtaka amsimulie jinsi kaka yake alivyomtongoza.

"Si unajua."

"Nimesahau. Anza mwanzo, na usiruke pale alipokuletea geti la bure."

Mama Pipi akacheka, na kicheko kile nacho kikamla nguvu.

Ukumbi wa kliniki ulijaa. Wifi hakwenda kwenye benchi. Alikaa sakafuni, akamketisha Mama Pipi nyuma yake ukingoni mwa benchi, akasema, "Endelea." Watu waligeuka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea wapate nafasi. Mzee aliyefungwa bendeji mguuni akauliza kama na wanaume wanasukwa, maana foleni ile mpaka iishe zake zitakuwa zimeota.

"Mzee, wewe kwanza ziote kwenye huo upara, ndiyo tuongee," wifi alimjibu, na benchi zima likacheka.

Muuguzi akatoka mlangoni. "Nyie! Hapa ni hospitali, si saluni."

"Tunajua, sista. Ndiyo maana tumekuja."

"Ficheni hicho kitana."

"Sista, huyu ndiyo ugonjwa wake. Tunauleta ukiwa mzima, usije ukamwagika njiani."

Muuguzi aliwatazama kama anavyotazamwa mtu wa wodi ya vichaa, kisha mtu akamwita, akaenda zake. Mikono ya Mama Pipi iliendelea, lakini sasa ilikwenda kwa kusuasua. Kila msuko ulitoka mlegevu kuliko uliotangulia. Jicho la kushoto lilifumba. Shingo ikaanza kumwangusha mbele, akawa anaegemeza kidevu juu ya utosi wa wifi.

"Wifi, siwezi."

"Mstari mmoja."

"Siwezi, nakwambia."

"Mmoja tu, dada yangu. Tukirudi nyumbani hivi hivi kaka atakupakia basi la kwenu." Wifi alisema hilo chini chini, akitazama mbele, na hapakuwa na utani. "Suka."

Alisuka. Vidole viliokota nywele vikaziacha. Machozi yalimtoka kwenye jicho lililofumba na kwenye lililo wazi, na wifi akayahisi yanampata kichwani, akauma midomo, hakugeuka.

Ndipo walipoitwa.

*

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimkumbuka. "Mama, tulishaonana. Nilikwambia punguza mawazo."

Mama Pipi alifungua mdomo, ikatoka sauti ya puani isiyo na kichwa wala mkia.

"Daktari, usimtazame yeye kwanza," wifi alisema. "Nitazame mimi." Akainama, akaweka kichwa chake juu ya meza, katikati ya makaratasi na kikombe cha chai. "Anzia kushoto. Hiyo ni nyumbani, tumetoka kulala. Njoo huku, hapo tumeshatembea, tumefika benchini. Njoo tena. Hapo foleni yenu ndefu. Na huku mwisho ni sasa hivi, kabla hujaita. Msusi ni huyu mmoja. Mikono ni hiyo miwili."

Daktari alitaka kusema kitu, labda kwamba atoe kichwa mezani. Hakusema. Alifuata mistari kwa macho, ile iliyonyooka, iliyopinda, iliyokufa njiani, mpaka kwenye kifungu cha nywele upande wa kulia ambacho hakikuwa msuko wa kitu chochote. Akaweka kalamu chini.

"Mama, tazama dari. Usishushe macho mpaka nikwambie."

Mama Pipi akatazama dari. Kope za kulia zikaanza kushuka, polepole, bila yeye kujua, mpaka zikakutana na zile za kushoto zilizokuwa zimeshalala. Daktari alitoka nje mwenyewe, akarudi na glavu iliyotiwa barafu, akaikandamiza juu ya jicho la kushoto. Walisubiri. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi, jeupe, limeamka.

"Ee!" wifi alisema. "Jicho la asubuhi hilo!"

Daktari hakufurahi. Alimpa Mama Pipi maji kidogo ameze. Maji yakarudi kupitia puani, akapaliwa, akakohoa kikohozi dhaifu kisichosukuma kitu. Daktari akamwambia ahesabu kwa pumzi moja. Hakufika mbali.

"Leo amefanya nini?"

"Tumemchosha," wifi alisema, bado na fahari. "Ili umuone."

"Mmemchosha!" Alikuwa ameshasimama, anamwita muuguzi. "Unajua kitu kingine kinachochoka ni nini? Kifua. Misuli ya kupumua ni misuli kama ya mkono. Mngekuja hapa na mtu asiyepumua."

Fahari ilimtoka wifi usoni kama rangi iliyomwagiwa maji. Alimshika Mama Pipi mkono na hakuuachia mpaka kitanda cha magurudumu kilipokuja. Daktari aliwaeleza huku anaandika, haraka, na baadaye wodini alirudi akawaeleza tena taratibu. Ukitaka kuinua mkono, alisema, mshipa wa fahamu hupeleka neno kwenye msuli, na msuli una mahali pa kulipokea. Mwili wa kila mtu una kinga ya kupigana na vijidudu. Kinga ya Mama Pipi ilikuwa imekosea. Ilikuwa inapiga pale pa kupokelea neno, kana kwamba ni adui. Asubuhi neno linapita. Kadiri siku inavyokwenda halipiti.

"Kwa hiyo anajipiga mwenyewe?" wifi aliuliza.

"Mwili wake unampiga. Yeye hana kosa."

"Alirogwa?"

"Hapana."

"Ataniambukiza? Nalala na mtoto wake."

"Hauambukizi kabisa."

"Basi nitamletea ile dawa ya unga wanayouza sokoni, ya kuongeza kinga."

"Usithubutu," alisema daktari. "Kinga anayo ya kumtosha, tena imezidi ukali. Dawa nitakazompa nyingine ni za kuituliza." Alisita, akamgeukia Mama Pipi. "Mama, nilipaswa kukuuliza jioni unakuwaje. Sikukuuliza."

Mama Pipi alikuwa na mrija wa hewa puani. Alimsikia vizuri. Aliona daktari naye anasinzia akiwa amesimama, akamwonea huruma, na akachukia kwamba anamwonea huruma.

*

Fundi alifika saa za kuona wagonjwa akiwa na nguo za kazi, matundu ya cheche kifuani. Dada yake alimngoja kwenye korido, kichwa amekifunga kitambaa. Alimweleza yote kwa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwake, ndogo, bila mzaha.

"Nilikaribia kumuua, kaka. Kwa mikono yangu."

"Wewe umemuuliza taya lina nini. Mimi nalala naye, sikuuliza." Alijikuna kutu shingoni. "Anapona lini?"

"Sio wa kupona. Ni wa kuishi nao. Vidonge kila siku, kabla ya kula, na watampeleka kupigwa picha ya kifua."

"Na kazi?"

"Nimempigia Madamu. Nikamwambia sasa tunajua, ni ugonjwa, una jina." Wifi alicheka bila kucheka. "Akasema pole sana. Akasema kama ni ugonjwa ndiyo kabisa, wateja wakisikia hawataweka kichwa pale. Kiti kimeshapata mtu."

Fundi akaingia wodini. Mke wake alikuwa amelala chali, macho yamefumba. Alisimama upande wa miguu, hajui aguse wapi.

"Kumbe ni kweli," alisema.

Lilimtoka kabla hajalipima. Mama Pipi hakufumbua macho, na safari hii haikuwa kwa sababu ya kope. Alikuwa ameisubiri sentensi ile miezi yote, na sasa imekuja haikuwa na ladha.

"Nguo zako hazitoki pale nyumbani," fundi aliongeza. "Nimekuja kusema hivyo." Akasogeza kiti, akakaa, na kwa kuwa mke wake hakuweza kuongea, ilimbidi aongee yeye. Alisema Pipi ameoga. Alisema amechelewesha geti la mtu. Alisema na mtaani atawaambia, mmoja mmoja, hata wakichoka kusikia. Kidole kimoja cha Mama Pipi kikasogea juu ya shuka, kikafika kwenye goti la suruali lenye kutu, kikabaki hapo.

*

Baada ya siku chache vidonge vilishika. Mrija ulitolewa, na asubuhi aliweza kukaa kitandani, kunywa uji mwenyewe, na kuchana nywele zake. Chini ya dirisha la wodi wanawake wa usafi walikuwa wanafua mashuka. Aliwatazama wanavyoinua mikono kuyaanika, bila kufikiri, na kuishusha, na kuinua tena.

Walimleta mgonjwa mpya kitanda cha jirani, mama mnene aliyevunjika mkono, mkarimu, mwenye maswali. Alimtazama Mama Pipi kuanzia juu mpaka chini.

"Mwenzangu, wewe unaumwa nini? Mbona mzima kabisa? Umekuja kumuuguza mtu?"

Mama Pipi alivuta pumzi. Aliyapanga maneno ya daktari, mshipa, neno, msuli, mahali pa kupokelea. Aliyaona jinsi yalivyo mengi. Aliona na watakaouliza kesho, na mwakani, mtaani, msibani, kwenye harusi, kila mmoja akimtazama asubuhi na kuona mtu mzima kabisa. Ilikuwa bado mapema na alihitaji nguvu za kutafuna chakula cha mchana.

"Wifi yangu anakuja saa kumi," alisema, akajilaza ubavu. "Mwulize yeye. Anaongea sana."